Kitako cha .303 kinachocheza: namna ninavyokibadilisha

Mzee mmoja wa Kondoa aliniletea bunduki ya Lee-Enfield fupi, ile .303 ya Mwingereza ya Vita Kuu ya Kwanza. Leseni alikuwa nayo mkononi. Bila leseni siigusi. "Fundi, kitako kinacheza. Na ni kirefu, bega langu linakikataa."

Nikamwambia: "Mzee wangu, hakikisha mwenyewe haina risasi, kisha bolti yake, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, kaa nayo wewe mpaka nimalize."

Kwanza tafuta herufi iliyogongwa juu ya kitako, karibu na bamba la shaba. N ni cha kawaida. L kimezidi nusu inchi, S kimepungua nusu inchi, B kimepungua inchi nzima. Chake kilikuwa L, naye ni mfupi wa mikono. Tukakubaliana nichonge kipya kwa kipimo cha S.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kitako kinashikwa na skrubu moja ndefu ndani ya tundu, nyuma ya bamba, chini ya kizibo cha kitambaa kizito. Usiizungushe kabla ya kuvua ubao wa mbele, ule ulio chini ya mtutu! Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba, imeingia kwenye kibati kilicho mwishoni mwa ubao huo. Mimi bunduki ya kwanza nilikimbilia skrubu, nikasikia "tak", ubao mzuri wa miaka mingi ukapasuka. Iliniuma sana. Kwa hiyo anza na kofia ya chuma ya mdomoni, pete, kilinda kifyatulio, ndipo ubao ushuke. Vijispringi viweke kwenye sahani.

Mbao natumia mninga uliokauka kabisa, kwa sababu hautanuki wala kusinyaa sana. Toboa tundu refu kipande kikiwa bado na pembe nne, kutoka pande zote mbili. Ukishachonga umbo huna tena pa kupimia unyoofu.

Kazi yenyewe iko kwenye kikombe cha chuma kinachopokea kitako. Washa koroboi, pitisha moshi ndani ya kikombe mpaka kiwe cheusi. Ingiza mti, gonga kidogo kwa nyundo ya mbao, toa. Palipopata masizi ndipo panapogusa: papunguze kwa patasi kali, unyoya tu, usitumie msasa. Rudia. Mimi nilirudia zaidi ya mara ishirini, hadi weusi ukaenea sawasawa pande zote.

Kaza kwa bisibisi ndefu (yangu nimeitengeneza kwa nondo), mraba wa ncha ukae wima sawa na kibati, ndipo urudishe ubao wa mbele.

Paka mafuta ya kitani, tabaka nyembamba, na ndani ya tundu pia, maana kiangazi cha Dodoma hupasulia mbao pale pasipopakwa. Mvua za kwanza zikipita, ikague skrubu tena, ubao wa mbele ukiwa umevuliwa.