Mpera unarefuka tu bila kuzaa? Inamisha matawi

Kabla hujachukua panga, jaribu kamba. Chagua matawi yaliyosimama wima yenye unene wa kidole gumba au pungufu. Vuta kila tawi taratibu mpaka likaribie kulala, lifunge kwenye kigingi kilichochomekwa ardhini, na ukate ncha yake changa kama sentimita 10. Tumia kitambaa au katani, usitumie waya: waya hukata gome na tawi hufa kuanzia hapo. Kagua fundo kila wiki 2, maana tawi hunenepa.

Mpera hutoa maua kwenye machipukizi mapya, kwenye makwapa ya majani yake ya kwanza. Tawi lililosimama hupeleka nguvu nchani. Likilala, vichipukizi vya ubavuni huamka, na ndiko mapera yatakakokaa, tena chini unakoyafikia kwa mkono. Toka ua hadi pera kuiva, hesabu miezi 4 hadi 5. Machipukizi yatakayosimama wima juu ya mgongo wa tawi yapunguze, la sivyo yatarudisha tatizo lile lile.

Haisaidii kwa mche wa mbegu ambao haujafikisha miaka 2, wala kwa mti uliofunikwa na kivuli cha mwembe au nyumba. Ukiujaza samadi au yurea utapata majani matupu. Na tawi nene usililazimishe, litapasuka panapoungana na shina; hilo ni la msumeno.