Kamera ya panya inayowashwa na uzito wake

Usiku mmoja wa panya wa maabara ni saa 12 za video, na sehemu kubwa yake ni maranda matupu. Weka mzani mdogo mbele ya chakula, uwe ndio unaoiamuru kamera kurekodi.

Utahitaji Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), kamera yake ya NoIR isiyo na kichujio cha infraredi, taa za infraredi za nanomita 940, kihisi cha uzito cha kilo 1 na bodi ya HX711 inayogeuza ishara ya kihisi kuwa namba. Panya mdogo mweupe ana gramu 20 hadi 30 tu. Kwa panya buku, kama wale wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, chukua cha kilo 5.

Hatua ya 1. Ncha moja ya kihisi ifungwe kwenye msingi, nyingine ibebe kibao, katikati paelee. Kibao kikigusa ukuta wa kizimba, gramu zinapotea. Kwenye HX711, waya mwekundu uende E+, mweusi E−, mweupe A−, wa kijani A+. Uzito ukisomeka hasi, badilishanisha mweupe na wa kijani. Lisha bodi volti 3.3, pini za Raspberry Pi hazivumilii 5.

Hatua ya 2. Huna mawe ya mzani? Weka kikombe, rudisha sifuri, mimina mililita 20 za maji kwa bomba la sindano. Hizo ni gramu 20.

Hatua ya 3. Mara mojamoja utaona namba za kichaa. HX711 hulala ikiwa pini yake ya saa (inayopokea mapigo ya Raspberry Pi) itabaki juu zaidi ya maikrosekunde 60, na Linux, mfumo unaoendesha Raspberry Pi, ina shughuli nyingine za kuhudumia, hivyo huchelewa kuishusha. Chukua vipimo vitano, upange, utumie cha katikati. Usitumie wastani, maana namba moja chafu huchafua zote.

Hatua ya 4, iliyonitesa. Mkojo, maranda na joto la chumba huihamisha sifuri, kwa hiyo programu iirekebishe polepole, ila kibao kikiwa kitupu tu. Mimi sharti hilo nililisahau. Panya akajilalia pale juu, sifuri ikamfuata, kamera ikazima. Aliposhuka, mzani ukaniambia kuna panya wa gramu hasi 24.

Hatua ya 5. Anza kurekodi uzito ukipita gramu 10, acha ukikaa chini ya 5 kwa sekunde 3. Ukitumia kikomo kimoja, kamera itawaka na kuzima kila anapoinua mguu.

Hatua ya 6. HX711 kwa kawaida hutoa vipimo 10 kwa sekunde, hivyo vitano vinakula nusu sekunde, na panya keshapanda. Tumia bafa ya mzunguko (kumbukumbu inayojifuta na kujijaza upya) ya Picamera2, maktaba ya Python ya kuendesha kamera, ihifadhi pia sekunde 5 zilizotangulia.

Acha mtambo usiku mzima bila mnyama. Ukikuta video hata moja, rudi hatua ya 3. Kisha pitisha nyaya zote ndani ya bomba la chuma. La plastiki wanalitafuna.