Hesabu mara unazoingia Ulaya kabla hujapanda meli ya kwenda Dakar na Banjul

Toa pasi yako, fungua ukurasa wenye stika ya viza ya Schengen, ile viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje, Uingereza haimo, utafute sehemu ya idadi ya kuingia. Kama pameandikwa 01, na meli yako inaondoka Las Palmas, bandari ya Visiwa vya Canary, na kurudi Las Palmas, huna safari. Hata kama umelipa kila kitu na masanduku yameshafungwa, safari huna. Januari 2024 nilisimama kwenye gati la Las Palmas na stika yenye 01, nikaitazama meli ya kitalii niliyoilipia ikiondoka bila mimi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Niko Leicester mwaka wa kumi na nne sasa, nafanya kazi katika nyumba ya wazee. Nina ukaazi wa kudumu wa Uingereza, lakini pasi yangu ni ya Tanzania na itabaki hivyo, maana nchi yetu hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mume wangu ni mtu wa Mombasa. Kenya imeruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, kwa hiyo yeye ana pasi ya Uingereza. Pasi zetu zinakaa droo moja, zote za buluu, na ukizoea kuishi hivyo unasahau kwamba ni pasi mbili zenye nguvu tofauti kabisa. Yeye akitaka kwenda Uhispania anakata tiketi. Mimi naomba viza.

Sasa sikiliza mtego ulivyo, maana hakuna aliyenieleza mapema. Visiwa vya Canary viko karibu na Morocco kuliko Madrid, lakini ni Uhispania, na ni Schengen. Ukiruka kutoka Uingereza na kutua Las Palmas, umeingia Schengen mara ya kwanza. Meli ikiondoka kwenda Dakar, Banjul na Praia, umetoka Schengen, kwa sababu Senegal, Gambia na Cape Verde hazimo. Siku ya kumi na mbili meli inarudi Las Palmas ili ushuke ukapande ndege ya kwenu. Hapo unaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja ilishatumika siku ulipotua.

Kwenye fomu ya maombi kuna swali: unaomba kuingia mara moja, mara mbili, au mara nyingi? Nilijaza mara moja. Kichwani mwangu nilikuwa nakwenda Uhispania mara moja, basi. Ratiba ya meli niliiambatanisha, Dakar na Banjul zimeandikwa wazi, na afisa akanipa kile nilichoomba. Usitegemee afisa akufikirie. Omba mara nyingi. Kama wakala aliyekuuzia safari anakuambia mara moja inatosha, mwombe aandike hivyo kwa barua pepe, uone kama ataandika.

Pale gatini dada wa dawati aliipokea pasi ya mume wangu, akamrudishia pamoja na kadi ya meli. Akachukua yangu. Akasoma stika, akainua simu, akaja mwenzake, wakasoma wote wawili. Kidole chake kikasimama juu ya ile 01 na hakikuondoka. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba hawawezi kunipandisha, kwa sababu kampuni ya meli ikimrudisha abiria asiye na ruhusa ya kuingia, mzigo unakuwa wao. Masanduku yetu yalikuwa yameshapanda. Tulingoja saa mbili yashushwe. Mume wangu aliambiwa yeye yuko huru kwenda. Alivua ile kadi shingoni, akairudisha mezani, akaja kukaa nami kwenye benchi.

Pesa haikurudi hata senti. Yangu haikurudi, na yake pia, kwa kuwa walihesabu kwamba amekataa mwenyewe kupanda. Bima ya safari nayo ilikataa. Zisome bima zote hapa Uingereza, nyingi zina kile kifungu kwamba kuwa na viza sahihi ni wajibu wa msafiri. Jumla ilikuwa zaidi ya pauni 3,700, jasho la zamu za usiku. Kwa hiyo narudia, na nitarudia tena: meli ikianzia Schengen na kuishia Schengen huku katikati ikitia nanga nje, unahitaji kuingia mara mbili au zaidi. Ikianzia Cape Town na kuishia Las Palmas, mara moja inatosha. Chora safari yako kwenye karatasi, weka alama kila unapovuka kuingia, ndipo ujaze fomu.

Mama mkubwa alinipigia simu wiki ile. “Kwani si ungeongea nao vizuri? Ungemtafuta mtu.” Mama mkubwa wangu, nakupenda, lakini huku hakuna mtu. Yule dada aliniomba radhi mara sita, na machoni niliona anaumia kweli. Watu wa huku huomba radhi kama sisi tunavyotoa salamu, na mwanzoni mgeni anadhani radhi ni mlango umeachwa wazi, akisukuma kidogo utafunguka. Haufunguki. Nimeishi nao miaka mingi na bado nikawa nasukuma. Yapo mazuri yake: aliyenikataa mimi angemkataa na tajiri. Ila ndugu zetu mnaposema mtu wa Ulaya hana shida ya viza, mnatupa moyo wa kupuuza karatasi. Ukaazi wa Uingereza unaniruhusu kuishi Uingereza. Schengen ni nyumba nyingine, ina bawabu wake.

Tukaweka akiba upya, tukarudi Januari 2025, na safari hii tukamchukua mama yangu, naye akaruka kutoka Dar tukakutana Las Palmas.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Maombi ya viza yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Usisubiri mwezi wa mwisho. Ada ya mtu mzima ilikuwa euro 80 nilipoomba mara ya kwanza, na tangu Juni 2024 ni 90. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Wenye ukaazi wa Uingereza, kadi zile za plastiki zilikwisha 2024 na sasa hadhi yenu iko mtandaoni, basi kama umepata pasi mpya ingiza namba yake kwenye akaunti yako, la sivyo shirika la ndege halitakuona wakati wa kurudi. Viza za Senegal, Gambia na Cape Verde ziangalie kwa pasi unayosafiria wewe, bandari moja moja. Zile orodha za kampuni za meli nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Waingereza. Na tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya mihuri, kwa hiyo sasa kompyuta ndiyo inayohesabu umeingia mara ngapi.

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, inataka maneno zaidi. Meli ikishatia nanga Dakar au Banjul, bandari inayofuata inaweza kukuhesabu umetoka nchi yenye homa ya manjano, na meli yenyewe itataka kuiona kadi kabla ya kukupandisha. Chanjo huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchomwa. Kuchomwa wiki ya kuondoka hakusaidii.

Mama alikuwa nayo, alichanjwa 2011 alipokwenda Johannesburg. Kadi imeandikwa miaka kumi. Binamu yangu akaona imekwisha, akamwambia mama asihangaike, yuko kijana anayeuza kadi na muhuri wake, hakuna hata sindano. Alikuwa anasaidia, najua, alimwonea huruma shangazi yake asipange foleni. Lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Kadi ya mama ilikuwa nzima. Alikuwa anakwenda kuacha kadi halali, anunue ya kughushi, aivuke nayo mipaka minne. Tafadhali, mlioko nyumbani, mzee akisafiri kuja kwetu msimtafutie njia ya mkato bila kutuuliza. Na kama mzazi amepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa kabisa, aonane na daktari kwanza, kwa sababu chanjo hii ina madhara makubwa zaidi kwa wazee wanaoipata mara ya kwanza. Daktari anaweza kumwandikia barua ya msamaha, nanyi mkaiulizie meli kama itaikubali. Nasi tuliozaliwa pwani tusijidanganye na malaria. Kinga ya utotoni inapungua ukikaa Ulaya. Meza dawa kama wenzako.

Maisha ndani ya meli ni mepesi, labda mepesi mno. Unapewa kadi moja, ndiyo ufunguo wa chumba na ndiyo pochi. Humo ndani hakuna anayeshika noti, kila soda inaandikwa, na kuna ada ya huduma inayoongezwa kila siku kwa kila kichwa hata usiponunua kitu. Uliza mapema ni kiasi gani. Pita mapokezi kila baada ya siku mbili uombe hesabu iliyochapishwa, usingoje asubuhi ya kushuka. Chakula cha halali kiombwe siku ya kukata tiketi. Tulipokumbusha tukiwa ndani, mpishi alikuja mezani mwenyewe kutuonyesha orodha, na mama akala samaki na wali siku kumi na mbili bila kulalamika.

Kilichomsumbua mama ni kibla. Nyumbani ukutani kwake kuna alama, haihami. Melini ukuta wenyewe unageuka. Televisheni ya chumbani ina chaneli inayoonyesha ramani na meli ilikoelekea, na kuanzia siku ya pili mama akawa anaiwasha kabla ya kila sala. Tukishuka kusini kuelekea Dakar, kibla iko kushoto, upande wa dirisha. Tukirudi kaskazini, iko kulia, upande wa mlango. Alikuwa anakunja mswala, anaangalia kile kimeli kidogo cha kijani kwenye kioo, anautandika upya. Asubuhi ya pili tulikuta reli ya roshani imepakwa vumbi jembamba jekundu, vumbi la Sahara, na pwani haionekani. Alilifuta kwa kidole akalitazama muda mrefu.

Abiria wengi ni wastaafu wa Kiingereza, watu wanaofanana na wale ninaowahudumia kazini, ila hawa bado wana miguu. Nimejifunza kwao kitu kimoja ninachokiheshimu: wanatumia akiba yao wakiwa hai, bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi tunatuma kila kitu nyumbani hadi magoti yanakufa. Picha nilipozituma kwenye kikundi cha familia, jibu la tatu lilikuwa maombi ya pesa ya bati. Nitachangia bati, lakini niacheni nifurahi na mama yangu wiki mbili. Kwa upande mwingine, bibi mmoja tuliyekaa naye meza moja alituambia hiyo ni safari yake ya nne mwaka ule, kwa sababu melini angalau asubuhi kuna mtu wa kumwita kwa jina. Ana watoto watatu. Mama alinitafsirisha mara mbili kuhakikisha amesikia sawasawa.

Na jitayarishe kwa hili: utadhaniwa mfanyakazi. Mara mbili niliombwa taulo. Sioni aibu kazi hiyo, wafanyakazi wenyewe, Wafilipino, Wahindi, na kijana mmoja wa Kilifi aliyemwita mama “Mama” tangu siku ya kwanza, ndio watu bora humo ndani. Lakini anayeona ngozi yangu kabla hajaona gauni langu, kosa ni lake. Jibu ninalotoa ni, “Mimi ni abiria kama wewe,” kwa sauti ya kawaida, kisha naendelea na chai yangu.

Lililo la hatari zaidi ni lango la bandari. Dakar tulishuka kwenda Gorée, feri ni kama dakika ishirini. Kwenye Nyumba ya Watumwa mama alishika ule mlango unaotazama bahari na hakusema neno. Wanawake wa sokoni walimsalimia kwa Kiwolofu, wakakataa kuamini hakijui. Tuliporudi langoni, Wazungu walipita wakionyesha kadi kwa mbali, sisi tukasimamishwa. Polisi alitudhani wenyeji tunaotaka kuingia melini, kadi ya meli peke yake haikumtosha, na pasi zilikuwa mapokezi ya meli, ambako hukusanywa kwa ajili ya maafisa wa bandari. Tulisimama juani karibu saa nzima, mama amekalia kofia ya mume wangu, hadi akashuka mtu wa meli na orodha. Kumbuka meli haimngoji mtu. Kabla hujashuka bandari yoyote ya Afrika Magharibi, beba nakala ya pasi yako, nakala ya stika ya viza, kadi ya meli, na namba ya simu ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo huchapwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Rudi saa mbili kabla ya muda, usirudi na wenzako wa dakika ya mwisho. Wao wataruhusiwa kupita mbio. Sisi tutaulizwa.

Tuliingia Las Palmas siku ya kumi na mbili, saa moja asubuhi. Foleni ilipita mbele ya benchi lile lile. Afisa alifungua pasi yangu, akatafuta, akaona MULT, yaani kuingia mara nyingi, akagonga muhuri. Mama aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshafungua ya kwake kwenye ukurasa wa stika, kidole gumba kimekaa chini ya neno hilo hilo, asije akaulizwa.