Sauti ya Tangazo: Mashine au Mtu?

Nauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na matangazo yangu huyaweka WhatsApp. Kwa habari za kubadilika kila siku, kama bei au saa za kufungua, natumia sauti ya akili bandia. Bei ikishuka kesho, nabadilisha neno moja tu.

Isikilize kabla ya kuituma, tafadhali. Andika bei kwa maneno, "mia mbili hamsini", maana tarakimu huenda ikazisoma kwa Kiingereza. Ijaribu kwa "Kangundo" na "ng'ombe". Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Ukihama, mteja atasikia. Sheng usiipe kabisa.

Tangazo la kujenga imani, mpe mtu. Langu alilisoma dada wa kibanda jirani, yule ambaye akiita wateja hata mwenye haraka hugeuka. Tulirekodi kwa simu alfajiri, katikati ya marobota, kwa sababu nguo hufyonza mwangwi. Sekunde 30 zilitosha maneno kama 60, akapumua vizuri. Malipo na muda wa kutumia sauti yake tuliviandika kabla. Kuiga sauti yake kwa mashine bila ridhaa yake, hapana.