Kabla ya kuanza kuhesabu vipepeo Bukavu: mambo ya kuzingatia

Mtu anayetaka kujiunga na kikundi cha kuhesabu vipepeo hapa mjini kwa kawaida huuliza kwanza habari ya wavu. Wavu unaweza kungoja. La kwanza ni njia: ichaguliwe njia fupi, isiyozidi kilomita moja, ambayo mhesabu ataweza kuipita kila juma hata siku ambayo hana nauli. Hifadhi ya Kahuzi-Biega inavutia, na imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 1980, lakini kukusanya wadudu humo kunahitaji ruhusa ya ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira; tena, anayefika Tshivanga, kituo kikuu cha hifadhi hiyo, mara mbili kwa mwaka hana msingi wa kusema kama vipepeo wamepungua au wameongezeka. Anayepita kando ya bustani za Bagira kila Jumamosi anao.

Kabla njia haijakubaliwa, iulizwe ardhi ni ya nani na mwenyewe ana mpango gani nayo. Kikundi chetu kilianzia kwenye ukingo wa barabara uliojaa tithonia, yale maua makubwa ya manjano ambayo vipepeo huyapenda mno. Baada ya miezi michache ukingo ulifyekwa, viwanja vikapimwa, na hesabu zetu zikawa zinaeleza habari za panga kuliko habari za vipepeo.

Namna ya kuhesabu haina haja ya kubuniwa upya. Nchini Uingereza, ambako mpango wa taifa ulianza mwaka 1976, mhesabu hutembea polepole na kuandika wale tu walio ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yake. Mpaka huo unafaa popote. Masharti yao ya joto, kuanzia nyuzi 13 endapo kuna jua, hayatusaidii sana, kwa kuwa Bukavu, ingawa iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hulivuka joto hilo mchana wa karibu kila siku. Kwetu kinachoamua ni mawingu na mvua. Ni vema kuanza baada ya saa nne asubuhi, ukungu wa ziwa ukishaondoka, na kuandika daftarini kama jua lilikuwa wazi au limefunikwa. Siku isiyo na kipepeo hata mmoja nayo iandikwe, kwani mwenye kuruka sifuri huwafanya vipepeo waonekane wengi kuliko walivyo.

Kutambua aina ndiko kunakohitaji mazoezi ya mapema, na pazuri pa kuanzia ni jozi moja inayowadanganya hata wazoefu. Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, ana sumu, na ndege humkwepa. Jike la Hypolimnas misippus halina sumu ila limevaa vazi lile lile. Akitua, atazamwe bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa, mwenzake ana moja tu karibu na ukingo wa mbele. Asiyepata nafasi ya kuona aandike kuwa hakutambua. Picha mbili, ya juu ya mabawa na ya chini yake, humaliza ubishi mwingi.

Kuhusu usalama, kadi ya mpiga kura iwe mfukoni, chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa, awe ameelezwa mapema, na kamera ifichwe kabisa karibu na mpaka wa mto Ruzizi, kambi za askari na minara ya mawasiliano. Mtu mzima anayekimbia na wavu huulizwa maswali hata penye amani.

Mwisho, wenye milimau kando ya njia watembelewe kabla ya msimu wa mvua. Viwavi wadogo wa kipepeo Papilio demodocus, ambao hula majani ya miti hiyo, hukaa juu ya majani wakifanana na kinyesi cha ndege. Wakikua huwa kijani, na wakiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mwenye mti akionyeshwa pembe hizo mara moja, huwa mwepesi zaidi kutuachia angalau tawi moja bila dawa.