Kabla Hujamkabidhi Fundi Kompyuta Yako

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza, si kwa kufungua skrubu: tatizo lilianza lini, na nini kilibadilika? Mwendee na majibu, na chaja pia, maana kompyuta "iliyokufa" mara nyingine ina chaja mbovu tu. Nakili mafaili kwanza kwenye diski ya nje. Lakini diski ya ndani ya kompyuta ikianza kugonga-gonga, zima papo hapo. Kila ukiiwasha, kichwa chake cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani zenye data. Kompyuta inajizima ikipata joto? Aghalabu ni vumbi kwenye feni, au pesti inayopitisha joto la prosesa (chipu kuu ya kompyuta) imekauka. Usimpe fundi nywila yako. Mfungulie akaunti ya muda. Dai kipuri kilichotolewa, na muiwashe pamoja kabla hujalipa.