Kupumua na kujinyoosha kitandani wakati wa maumivu ya selimundu

Mama mmoja alinipigia usiku kutoka wodini. Mwanawe, kijana wa sekondari, alikuwa amelazwa kwa maumivu ya selimundu, morfini, ile dawa kali ya maumivu, ameshapewa na bado analia. Nilichomwelekeza kwa simu ndicho hiki, ila hapa nimekipanga. Kimeandikwa kwa wewe unayekaa pembeni ya kitanda. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwanza tuelewane: yoga, yaani huku kupumua na kujinyoosha, haichukui nafasi ya dawa. Seli nyekundu za damu zikishageuka umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, pumzi haizizibui. Utafiti wa watoto waliolazwa New York, uliochapishwa 2017, ulionyesha maumivu kushuka baada ya kipindi kimoja cha yoga, lakini kiasi cha dawa na siku za kulazwa havikubadilika. Tunacholenga kupunguza sisi ni woga, na misuli inayokakamaa kwa sababu ya huo woga. Atakayekwambia mgonjwa apunguziwe morfini kwa kuwa "anafanya mazoezi", usimkatae kwa upole, mkatae waziwazi.

Hatua ya 1: Subiri dawa ishike

Mgonjwa anayesema maumivu ni 9 kati ya 10 hafundishiki. Dawa ya mshipani hushika ndani ya dakika chache, ya kunywa ipe nusu saa hadi saa. Muulize namba yake, iandike, kisha mwambie muuguzi mnachotaka kufanya.

Hatua ya 2: Joto

Soksi, blanketi, feni isimpulizie. Barafu hapana kabisa, hata kiungo kikiwa kimevimba, maana baridi hubana mishipa.

Hatua ya 3: Pumzi

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na video za mtandaoni ndizo zinazowapoteza.

Inua kichwa cha kitanda, weka mto chini ya magoti. Avute hewa kwa pua mpaka hesabu ya tatu, aitoe kwa mdomo polepole mpaka hesabu ya tano, kama anayepoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mengine yote ni mapambo. Hesabu wewe, tena kwa sauti ya chini, maana yeye akihesabu mwenyewe huanza kukimbiza.

Zile pumzi za harakaharaka za yoga usizijaribu. Mtoto akipumua kwa kasi hupata kizunguzungu, midomo na vidole vikafa ganzi, naye akadhani ugonjwa umepanda kichwani. Kubana pumzi muda mrefu nako nakukataa: oksijeni ikipungua ndipo seli hizi hujikunja, sasa kwa nini tuichezee? Lakini kama wodi imempa kile kifaa cha plastiki chenye mipira ya kupanda na kushuka, kukiwa na agizo la kushikilia hewa sekunde chache afuate. Hicho kina kazi yake. Mgonjwa mwenye maumivu ya mbavu hupumua juujuu, mapafu upande wa chini hayafunguki, na hapo ndipo kifua huharibika. Desturi ni pumzi kumi kila saa mbili akiwa macho. Mbavu zikiuma, akumbatie mto kifuani. Kwa mtoto mdogo, povu la sabuni la kupuliza humfanya avute hewa ndefu bila kuombwa.

Jambo jingine: morfini hupunguza kasi ya kupumua. Akitulia, furahi, lakini mwite jina. Akiwa mzito kuamka au pumzi moja inakawia mno kufuata nyingine, hiyo si yoga iliyofanya kazi. Mwite muuguzi.

Sasa akili. Waalimu wengi wa utulivu husema "elekeza mawazo panapouma, upapokee". Kwa maumivu haya mimi sikubaliani nao. Anza na mahali pasipouma hata kidogo: ncha ya sikio, kiganja, pua inapopitisha hewa baridi. Pako siku zote, ila mpe muda apatafute mwenyewe. Akae hapo kwa mawazo. Mawazo yakikimbilia gotini, na yatakimbia, ayarudishe bila kugombezwa. Akishazoea ndipo anaweza kusogea ukingoni mwa maumivu na kurudi. Wapo wanaotumia tasbihi au rozari, neno moja kwa kila pumzi inayotoka, na mimi naona hiyo inazidi programu yoyote ya simu yenye mawimbi ya bahari na mama wa Kiingereza anayenong'ona. Haihitaji chaji.

Hatua ya 4: Kujinyoosha

Vifundo vya miguu juu na chini, vidole kufumba na kufumbua, mabega kuyazungusha, shingo kulia na kushoto. Goti kulikunja na kulinyoosha, moja kisha jingine, nyayo ikiteleza juu ya shuka. Kila mwendo uende na pumzi inayotoka, uishie kabla maumivu hayajaongezeka. Mkono wenye kanula, kile kibomba cha dawa mshipani, uache. Kiungo kilichovimba na kina joto kiache. Nyonga usiikunje sana wala kuizungusha, kwani kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa kwa kukosa damu, na wengi hawajui kama wanalo tatizo hilo mpaka wapigwe picha. Mikao ya kichwa chini sahau.

Hatua ya 5: Uliza namba tena

Ikishuka kutoka 8 hadi 6, mmefanya kazi nzuri. Isiposhuka, mwambie muuguzi. Msirudie mara ya tatu kwa ubishi.

Acheni kila kitu na mwite mhudumu papo hapo mkiona: homa, kifua kuuma kwa namna mpya au pumzi kukatika, kichwa kuuma vikali, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kutoeleweka, tumbo kuvimba ghafla upande wa kushoto, au kwa mvulana uume kusimama bila kulala.

Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mfanye hatua ya tatu kila jioni siku ambazo haumwi, dakika tano zinatosha. Kujifunza katikati ya maumivu ni kugumu mno.